Vipimo vya haiba: kipi kinapima na kipi kinakusomea nyota

Jibu maswali 60, subiri sekunde chache, unapewa herufi nne. Au namba kati ya 1 na 9. Au rangi. Chini yake kuna kurasa kadhaa zinazokueleza wewe ni mtu wa namna gani, kazi gani itakufaa na nani mtagombana. Watu hubandika herufi hizo kwenye wasifu wao wa mtandaoni, wengine huchagulia wenza, na wapo waajiri wanaozitazama kabla ya kumwita mtu kwenye usaili. Ukiuliza kama kipimo chenyewe ni sahihi, jibu karibu kila mara ni lilelile: "Nilipokisoma nilishangaa. Wamenieleza mimi mtupu."

Kati ya ushahidi wote unaoweza kuletwa kutetea kipimo, huo ndio dhaifu kuliko wote, na hilo tunalijua tangu 1948.

Mwaka huo mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 dodoso la haiba na kuwaahidi kwamba kila mmoja angepata uchambuzi wake mwenyewe. Siku ya majibu kila mwanafunzi alikabidhiwa karatasi yenye kauli 13, akaambiwa aipe alama kuanzia 0 hadi 5 kulingana na jinsi ilivyomweleza. Wastani wa darasa ulikuwa 4.3. Ndipo ikabainika kwamba wote walikuwa wameshika karatasi ileile, neno kwa neno, na kwamba kauli nyingi Forer alizichota kwenye kitabu cha unajimu cha kuuzwa vibandani. Paul Meehl, naye mwanasaikolojia, mwaka 1956 akaupa mtego huo jina la Barnum, yule mwenye sarakasi.

Ukizitazama kauli za aina hiyo kwa karibu utaona zinafanya kazi kwa mbinu chache tu. Nyingine hushika pande zote mbili: wakati mwingine ni mchangamfu, wakati mwingine unajifungia. Nani si hivyo? Nyingine husema jambo linalomhusu karibu kila binadamu, kwa mfano kwamba unatamani kukubalika na watu huku ukijikosoa sana. Nyingine humsifu msomaji kwa namna ambayo hana sababu ya kuikataa: una vipaji ambavyo bado hujavitumia. Changanya hizo tatu, weka jina la mtu juu ya karatasi, mwambie imetoka kwenye majibu yake, na usahihi utapanda wenyewe.

Wapo wanaojibu kwamba kipimo chao hakiko hivyo, kinasema mambo mahususi. Sawa, hilo linapimika. Chukua maelezo ya aina nne tofauti kutoka kwenye kipimo hicho, yakiwemo ya mhusika. Futa majina, herufi, rangi na picha. Mtu mwingine ayachanganye, kisha mhusika achague yaliyo yake. Kwa kubahatisha tu atapatia mara moja katika nne, kwa hiyo jaribio la mtu mmoja halina maana. Tafuta watu 20. Kubahatisha kutawapa watu 5 hivi majibu sahihi. Wakifika 9 au zaidi, bahati peke yake ingeleta matokeo hayo kama mara 4 tu katika 100, na hapo unaweza kusema maelezo yana kitu.

Lakini kitu gani? Hapa ndipo wengi huteleza. Ikiwa kwenye dodoso umeweka alama kwamba unapenda kukaa peke yako, unachoshwa na mikusanyiko na unapendelea marafiki wachache, halafu majibu yakasema wewe ni mtu wa kukaa peke yako anayechoshwa na mikusanyiko, bila shaka utajitambua. Umerudishiwa maneno yako mwenyewe yakiwa yamepangwa vizuri. Kipimo kinaanza kustahili jina hilo pale kinapokueleza jambo ambalo hukukiambia, jambo linaloweza kuhakikiwa nje ya karatasi.

Mambo mawili ya kuuliza

Wataalamu wa upimaji hugawa swali la "ni sahihi?" katika sehemu mbili: kuaminika na uhalali. Kuaminika ni kutoa jibu lilelile kitu kilekile kinapopimwa tena. Uhalali ni kupima kile unachodai kupima, na kukuwezesha kufanya maamuzi unayodai kwamba yanaweza kufanywa. Kipimo kinaweza kuaminika bila kuwa halali: ukubwa wa kiatu chako hautabadilika mwezi ujao, ila hausemi lolote kuhusu uvumilivu wako. Kinyume chake hakiwezekani. Kipimo kinachoyumba hakiwezi kutabiri kitu kisichoyumba.

Kuaminika hupimwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kurudia: watu walewale, dodoso lilelile, baada ya wiki kadhaa, kisha unaangalia alama zinavyofuatana kwa kipimo cha uhusiano kinachofikia 1 pale zinapolingana kabisa. Ya pili ni kuangalia kama kauli za mizani moja, yaani zile zinazopima sifa moja, zinakwenda pamoja, na hapo hutumika alfa ya Cronbach, ya mwaka 1951. Kwa utafiti wa makundi, 0.70 huvumiliwa. Kwa uamuzi unaomgusa mtu mmoja, kama ajira au matibabu, wengi hutaka 0.90. Tahadhari moja kuhusu alfa: ukiuliza swali lilelile mara kumi kwa maneno yanayokaribiana, alfa itapanda vizuri sana na hutakuwa umepima chochote kipya. Dodoso linalojisifia alfa ya 0.95 kwa kauli sita lisomwe kwa jicho la mashaka.

Uhalali ni mgumu zaidi kwa sababu haupatikani kwenye namba moja. Tangu makala ya Cronbach na Meehl ya 1955, hoja imekuwa kwamba uhalali hujengwa kwa ushahidi mwingi: alama ziambatane na vitu vinavyopaswa kuambatana nazo, zisiambatane na visivyohusika, watu wanaokufahamu wakupe alama zinazokaribiana na zako, na matokeo ya baadaye yafuate yalivyotabiriwa. Tovuti inayoandika tu kwamba kipimo chake "kimethibitishwa kisayansi" haijakuambia hata kimoja kati ya hivyo.

Herufi nne chini ya kisu

Kipimo maarufu kuliko vyote ni MBTI, kinachompa mtu herufi nne, moja kwa kila mizani, na hivyo kugawa watu katika aina 16. Kilitungwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers kutokana na kitabu cha Carl Jung cha 1921 kuhusu aina za kisaikolojia. Isabel alianza kutengeneza maswali wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wote wawili hawakuwa wamesomea saikolojia, jambo ambalo wakosoaji hupenda kulitaja. Kwangu mimi hiyo si hoja. Dodoso hupimwa kwa data, na mtunzi asiye na shahada anaweza kutunga maswali mazuri.

Na kwa kweli maswali yake si mabaya. Mwaka 1989 Robert McCrae na Paul Costa walilinganisha alama za MBTI na zile za mfumo wa sifa kuu tano ambao tutaufikia, wakakuta mizani zake nne zinaambatana na sifa nne kati ya zile tano. Ule wa uchangamfu na ukimya uliambatana kwa karibu 0.70, na ule wa kupendelea mambo ya kushikika au ya kufikirika pia. Hiyo miwili mingine ilikuwa dhaifu zaidi, ila ilikuwepo. Kwa hiyo anayesema MBTI haipimi kitu chochote anakosea.

Kasoro kubwa iko kwenye hatua inayofuata, pale alama inapokatwa katikati na kugeuzwa herufi. Fikiria unapanga watu kwa urefu, unachora mstari kwenye wastani, na kila aliye juu yake unamwita "mrefu" na aliye chini "mfupi". Watu wawili wanaotofautiana nusu sentimita watakuwa wa aina tofauti, na jitu la mita mbili litakuwa aina moja na mtu aliyepita mstari kwa unyoya. Kugawa hivyo kungekuwa na mantiki kama watu wangekuwa wamejikusanya katika vilima viwili, wafupi huku na warefu kule, bonde katikati. Alama za uchangamfu hazina bonde hilo. Zina kilima kimoja, na kilele chake kiko karibu kabisa na pale kisu kinapopita.

Tufanye hesabu, maana ndiyo inayomaliza ubishi. Tuseme mizani ya uchangamfu imewekwa hivi: wastani ni 50, na mchepuko wastani, yaani umbali wa kawaida wa alama kutoka wastani, ni 10. Tuseme kuaminika kwake ni 0.80, ambako ni kuzuri. Kosa la kawaida la kipimo hupatikana kwa kuzidisha 10 kwa kipeuo cha pili cha 1 kutoa 0.80. Unapata 4.5 hivi. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, zidisha karibu mara mbili: alama 9 kila upande. Mtu aliyepata 53 anaitwa ekstrovati, yaani mchangamfu. Lakini alama yake halisi inaweza kuwa popote kati ya 44 na 62. Kwa lugha nyepesi, kipimo hakijui yuko upande gani wa mstari. Na watu wa namna hiyo si wachache: alama zikijipanga katika kilima cha kawaida, watu 38 kati ya 100 wako ndani ya alama 5 kutoka katikati.

Hiyo ni herufi moja, na aina kamili inahitaji nne. Tuseme kila herufi inabaki ileile kwa asilimia 84 ya watu wanaporudia dodoso. Zidisha 0.84 kwa yenyewe mara nne: unapata 0.50. Nusu ya watu watakuwa wamebadilisha angalau herufi moja, yaani wamehamia aina nyingine, wakati kila mizani ukiiangalia peke yake inaonekana ya kuridhisha. Hesabu hii haiko mbali na hali halisi. Mapitio ya David Pittenger ya mwaka 1993 yalionyesha kwamba hata baada ya wiki tano tu, hadi asilimia 50 ya watu huangukia aina tofauti. Ukikutana na mtu anayesema alikuwa aina fulani chuoni na sasa amekuwa nyingine kwa sababu amekomaa, huenda hakuna kilichobadilika isipokuwa majibu mawili matatu.

Kasoro ya pili ni kilichoachwa nje. MBTI haina mizani ya wasiwasi: mwelekeo wa kuhangaika, kuumia haraka, kubadilika hisia. Katika utafiti wa haiba hiyo ni moja ya sifa zinazojitokeza kwa nguvu zaidi, na inahusiana na afya ya akili na hata uthabiti wa ndoa. Kuiacha kunakifanya kipimo kipendeze; kila aina kati ya 16 ina sifa zake nzuri na hakuna anayetoka amenuna. Kibiashara ni akili sana. Kama kipimo, ni sawa na kupima afya ya mtu ukaruka shinikizo la damu.

Mwaka 1991 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilipitia ushahidi na kusema hakuna utafiti wa kutosha, uliofanywa vizuri, wa kuhalalisha MBTI katika ushauri wa kazi. Wamiliki wake wenyewe husema kisitumike kuajiri. Mwajiri anayekitumia kuchuja waombaji anakwenda kinyume na maelekezo ya bidhaa aliyoinunua.

Hapa niweke sawa jambo moja linalochanganya wengi. Tovuti ya 16Personalities, ambayo ndiyo watu wengi wameijaribu bila malipo, si MBTI. Inatumia herufi zinazofanana, lakini chini yake imejengwa juu ya mfumo wa sifa, na ile herufi ya tano baada ya kistari, A au T, ndiyo ile mizani ya wasiwasi iliyokosekana. Kwa hiyo utafiti unaokosoa MBTI hauihusu moja kwa moja, na utafiti unaoitetea MBTI nao hauisaidii. Kosa la kukata katikati, hata hivyo, linabaki. Nafuu ni kwamba inakuonyesha asilimia. Soma asilimia hizo na uzipuuze herufi: 52 kwa 48 maana yake hakuna herufi.

Vingine kwa ufupi

DISC, kipimo cha mitindo minne ya tabia, huuzwa sana kwenye semina za ofisini. Mzizi wake ni kitabu cha William Marston cha 1928, yule yule aliyebuni mhusika Wonder Woman, ingawa Marston hakutengeneza dodoso. Wengine walifanya hivyo baadaye. Tatizo lake la kiufundi halizungumzwi vya kutosha. Matoleo mengi hukupa maneno manne na kukutaka uchague linalokufanana zaidi na lisilokufanana kabisa. Kwa mtindo huo jumla ya alama zako ni ileile ya kila mtu, na sifa moja ikipanda lazima nyingine ishuke. Mtu jasiri sana aliye makini sana, na mtu asiye jasiri wala makini, wanaweza kutoka na mchoro mmoja, kwa kuwa dodoso limepima tu mpangilio wa ndani ya kila mtu. Linakuambia kwamba ujasiri wako umezidi kidogo umakini wako. Haliwezi kukuambia kama una ujasiri kuliko mwenzako. Kutumia michoro hiyo kulinganisha wafanyakazi wawili ni kosa la hesabu kabla hata ya kuwa kosa la saikolojia.

Eniagramu, yenye aina tisa, ilitoka kwenye mafundisho ya kiroho ya Oscar Ichazo na Claudio Naranjo katika karne ya 20. Ushahidi wake umechanganyika, na sehemu za mabawa (athari ya namba jirani) na mishale (mwelekeo kutoka namba moja hadi nyingine) ndizo zenye msaada mdogo zaidi. Vipimo vya rangi na wanyama sivijadili.

Upande wa pili kabisa kuna MMPI ya Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyotoka 1943. Toleo la 1989 lina kauli 567 na mizani maalumu za kunasa anayejipamba au anayejibu ovyo. Ni chombo cha kitabibu na husomwa na mtaalamu aliyefunzwa. Ukikikuta mtandaoni kimegeuzwa mchezo, funga ukurasa.

Sifa kuu tano na mipaka yake

Mfumo ambao watafiti wengi huutumia hukusanya tofauti za watu katika sifa tano: uchangamfu, utangamano, uwajibikaji, wasiwasi, na uwazi kwa mambo mapya. Haukuanza na nadharia ya mtu mmoja. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipitia kamusi kubwa ya Kiingereza na kuchambua maneno 17,953 yanayoweza kumweleza mtu, kama 4,500 kati yao yakiwa ya tabia za kudumu. Watafiti waliofuata wakawaomba watu wajipime au wapimwe na wenzao kwa maneno hayo, wakatafuta kwa hesabu ni yapi yanayotembea pamoja. Mwaka 1961 Ernest Tupes na Raymond Christal, wakifanya kazi kwa Jeshi la Anga la Marekani, walikuta makundi matano yakijirudia kutoka sampuli moja hadi nyingine. Mwaka 1992 Costa na McCrae walitoa dodoso lenye kauli 240 ambamo kila sifa imegawanywa katika vipengele sita.

Ubora wake unaonekana kwenye matokeo. Mwaka 2019 Christopher Soto alichukua mahusiano 78 yaliyokwisha kuripotiwa kati ya sifa tano na mambo ya maisha, akayajaribu upya kwa sampuli kubwa. Asilimia 87 yalijirudia, ingawa mengi yalikuwa na nguvu pungufu kuliko yalivyoripotiwa mwanzo. Kwa uwanja ambao tafiti nyingi maarufu zimeporomoka ziliporudiwa, hilo ni jambo la kuvuliwa kofia. Uthabiti wake kwa umri nao umepimwa: katika mapitio ya Brent Roberts na Wendy DelVecchio ya mwaka 2000, nafasi ya mtu kati ya wenzake ilifuatana kwa 0.31 utotoni, 0.54 umri wa chuo, 0.64 akifika miaka 30, na 0.74 kati ya 50 na 70. Haiba hutulia taratibu na haigandi. Ndiyo maana kumchagulia kijana wa miaka 16 kazi ya maisha kwa dodoso la haiba ni haraka isiyo na baraka.

Sasa mipaka. Katika uchambuzi wa Paul Sackett na wenzake wa mwaka 2022 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, uwajibikaji ulihusiana na utendaji kazini kwa 0.19. Namba hiyo haisemi mengi mpaka uigeuze. Chukua watu 100 walio juu ya wastani katika uwajibikaji: kama 56 watakuwa juu ya wastani kazini, badala ya 50 ambao ungewapata kwa kubahatisha. Usaili wenye maswali yaliyopangwa mapema, sawa kwa kila mwombaji na unaotolewa alama kwa vigezo vilivyoandikwa, ulipata 0.42, yaani karibu 64 kati ya 100. Mwajiri mwenye bajeti ya kitu kimoja anajua aweke wapi. Tena kumbuka kwamba mwombaji wa kazi ana kila sababu ya kujibu anachotaka mwajiri kusikia. Kauli kama "Humaliza kazi niliyoianza" haihitaji utaalamu wowote kuidanganya.

Mpaka mwingine ni nani aliyehojiwa. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walilipeleka dodoso kwa Watsimane, jamii ya wawindaji na wakulima nchini Bolivia, na sifa tano hazikujitokeza. Walichokiona kilikaribia makundi mawili. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichambua majibu ya zaidi ya watu 94,000 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, wakiwa wamehojiwa ana kwa ana, na kauli zilizopaswa kutembea pamoja mara nyingi hazikutembea. Sababu moja ni kukubali kila kitu: anayehojiwa na mgeni nyumbani kwake huelekea kusema "ndiyo", na ukimwuliza kama ni mchangamfu atakubali, ukimwuliza kama ni mkimya atakubali pia. Dodoso lililofanya kazi vizuri kwa wanafunzi wa chuo wanaojijazia wenyewe kwenye kompyuta halipati uhalali wake bure linapohamia kwingine. Tafsiri nayo inahitaji kupimwa upya, na dodoso lililotafsiriwa bila data ya wasomaji wa lugha hiyo lichukuliwe kama dodoso jipya lisilojulikana.

Namna ya kukagua kipimo, na namna ya kukifanya

Anza na kauli zenyewe, kabla ya majibu. Tafuta kauli zenye mambo mawili ndani yake: "Napenda kukutana na watu wapya na huwa sichoki haraka." Anayependa watu lakini huchoka ajibu nini? Tafuta kauli ambazo hakuna atakayezikana, kama "Najali familia yangu". Hizo hazitenganishi watu na zimewekwa kujaza nafasi. Angalia kama zipo za kinyume, maana bila hizo mwenye kukubali kila kitu atapata alama ya juu kwa kila sifa. Kwenye mizani ya 1 hadi 5, kauli ya kinyume hugeuzwa kwa kutoa jibu kutoka 6, hivyo 2 inakuwa 4. Ukijumlisha mwenyewe na kusahau hatua hiyo, alama zako zitaelekea katikati na utajiona mtu wa kawaida katika kila jambo. Hesabu kauli kwa kila sifa. Zikiwa mbili tu, kama kwenye yale madodoso mafupi ya kauli kumi, zinatosha kwa mtafiti mwenye watu 1,000 na hazitoshi kwako.

Kisha tafuta mwongozo wa kiufundi. Unatakiwa kuonyesha kuaminika kwa kila mizani, waliopimwa walikuwa nani na wangapi, na alama zako zinalinganishwa na kundi gani. Kama kuna ushuhuda wa wateja tu, umepata jibu lako.

Kwa anayetaka kujijaribu bila kulipa, hazina ya kauli ya IPIP iko huru kwa matumizi ya umma, na John Johnson ametengeneza kutoka humo dodoso la kauli 120 linalotoa sifa tano na vipengele vyake 30. Jibu kwa jinsi ulivyokuwa katika miezi kadhaa iliyopita, usijibu kwa jinsi unavyotamani kuwa, wala usilifanye siku uliyofiwa au uliyopandishwa cheo. Kauli kama "Mimi ni mpangilifu" hulazimisha swali la kujilinganisha na nani; jilinganishe na watu wa umri na jinsia yako kwa jumla, kwa sababu anayefanya kazi na wahasibu watupu atajiona hovyo bila kuwa hovyo. Mpe pia mtu anayekufahamu vizuri akujibie bila kuona majibu yako. Kwa mambo ya ndani kama wasiwasi, kawaida wewe unaona zaidi. Kwa mambo yanayoonekana au yenye sifa, kama akili na ubunifu, mara nyingi mwenzako huona vizuri kuliko wewe.

Rudia baada ya wiki nne au tano na uweke matokeo mawili sambamba. Alama zikitolewa kwa wastani wa 50 na mchepuko wa 10, na kuaminika kukiwa 0.80, makosa ya mara zote mbili yanajumlishwa na tofauti inafikia alama 12 bila mtu kubadilika chochote. Uchangamfu ulioshuka kutoka 58 hadi 49 kati ya jaribio la kwanza na la pili uko ndani ya kiwango hicho, hata kama herufi ya mbele imebadilika.